Bima ya Afya ya Kikundi: Huduma Ninayoipendekeza na Watu Inaowaacha Nje

Huduma ninayoitathmini hapa haina mabango barabarani wala ofisi za kifahari mjini. Ni bima ya afya ya jamii, ile ambayo hospitali za mashirika ya dini magharibi mwa Uganda huwauzia wanakijiji kupitia vikundi vyao, na mimi pamoja na watu wa nyumbani kwangu tumekuwa wanachama wake katika wilaya ya Kasese kwa miaka kadhaa. Hospitali yetu sitaitaja kwa jina, kwa kuwa baadhi ya mambo nitakayoyaeleza ni malalamiko, na chanzo chake ni namna bima hizi zilivyoundwa kuliko tabia ya wahudumu wa mahali pamoja. Ninawaandikia hasa wenzangu wa huku, wachuuzi wa mpakani Mpondwe, waendesha bodaboda, wakulima wa kahawa na pamba, na familia za waliofanya kazi katika migodi ya Kilembe, ambao kila ninapowaeleza habari za bima huniuliza swali lile lile: kwa nini mtu alipie hospitali akiwa mzima, ilhali matibabu ya serikali ni bure?

Swali hilo lina msingi, na halijibiwi kwa kuwaambia watu kwamba bima ni jambo jema. Serikali ilifuta ada za matibabu katika vituo vya umma mwezi Machi 2001, ikabakiza malipo katika wodi za kulipia za hospitali kubwa, na matokeo yalionekana upesi: idadi ya waliokwenda kutibiwa ilipanda, na maskini ndio waliofaidika zaidi katika ongezeko hilo. Hata hivyo, watafiti waliofuatilia mageuzi hayo walikuta kwamba gharama nzito za ugonjwa hazikupungua kwa kaya maskini kama ilivyotarajiwa, na sababu waliyoiona kuwa ya karibu zaidi ni upungufu wa dawa vituoni, uliowalazimu wagonjwa kununua nje. Yeyote aliyewahi kupewa karatasi ya dawa na kuelekezwa duka lililo mkabala na lango la kituo cha afya anaelewa jambo hilo bila kusoma utafiti wowote. Dawa za serikali, zenye chapa inayokataza zisiuzwe, hutoka bohari ya taifa na kuletwa kwa mizunguko ya miezi miwili miwili, na mara nyingi zile zinazotakiwa na watu wengi huisha kabla mzunguko mwingine haujafika. Kwa miaka mingi hesabu za taifa zimeonyesha kwamba takriban theluthi moja au zaidi ya fedha zote zinazotumika kwa afya nchini hutoka moja kwa moja mifukoni mwa wagonjwa na jamaa zao. Anayetaka kujua kama bima inafaa, basi, ailinganishe na mbuzi atakayeuzwa kwa haraka, na deni la jirani, na siku ambazo mgonjwa hulala nyumbani akingojea fedha ipatikane.

Bima yenyewe haiuzwi kwa mtu mmoja mmoja. Hospitali husajili kikundi kilichokwisha kuwapo kwa kazi nyingine, kama vile chama cha kuzikana, chama cha kuweka na kukopa, kikundi cha akina mama au chama cha wakulima. Sharti ni kwamba sehemu kubwa ya kaya za kikundi zijiunge, na kila kaya iandikishe watu wake wote badala ya kumwandikisha aliye dhaifu peke yake. Wengi hulichukia sharti hili mwanzoni, lakini ndilo linaloushikilia mfuko, kwa maana wakijiunga wagonjwa na wajawazito tu, michango ya mwaka mzima huliwa na bili za miezi michache. Mchango wetu kwa mtu mmoja kwa mwaka haufikii nauli ya basi ya kwenda Kampala na kurudi. Baada ya kulipa kuna muda wa kungojea kabla kadi haijaanza kutumika, ili mtu asilipe leo na kulazwa kesho. Kadi ina picha za wanakaya, na mgonjwa anapofika hutoa kiasi kidogo dirishani kila anapotibiwa, kikiwa kikubwa zaidi kwa anayelazwa. Kinachosalia katika bili hulipwa na mfuko mpaka kiwango kilichowekwa.

Thamani ya kadi huonekana katika kulazwa. Mtoto wetu alipougua malaria kali iliyommaliza damu, tulimpeleka usiku ule ule homa ilipopanda, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kungojewa alete fedha. Aliongezewa damu, akatundikiwa dawa ya mshipa, na siku ya kuruhusiwa nililipa kiasi nilichokuwa nacho mfukoni, wakati mama wa kitanda cha pili, ambaye mwanawe alipona kabla ya wangu, alikuwa bado anamsubiri shemeji yake auze mihogo iliyokuwa haijakomaa. Sijui bima nyingine yoyote inayomfanya mkulima awahi namna hiyo. Wauguzi wenyewe husema kwamba watoto wenye kadi hufika mapema kuliko wasio nayo, nami naamini kuwa hilo ndilo jambo kubwa kuliko punguzo lolote la bei, kwa kuwa malaria ya watoto haivumilii siku tatu za mashauriano ya ukoo.

Mpango unaojulikana zaidi wa aina hii nchini ni ule wa Hospitali ya Kisiizi, wilaya ya Rukungiri, ulioanza mwaka 1996. Watu wa Kigezi, eneo hilo la kusini-magharibi, walikuwa na vikundi vya engozi, yaani machela, ambavyo wanachama wake walipokezana kumbeba mgonjwa au maiti katika vilima visivyopitika kwa gari. Hospitali ilitambua kwamba watu waliokwisha kukubaliana kubebana wanaweza pia kukubaliana kulipiana, ikajenga bima yake juu ya vikundi hivyo badala ya kuunda vipya. Shirika la Save for Health Uganda lilianza kazi ya namna hiyo Luwero mwaka 1999, likisisitiza mifuko inayomilikiwa na wanachama wenyewe, na Hospitali ya Jamii ya Bwindi, wilaya ya Kanungu, ikazindua bima yake iitwayo eQuality mwaka 2010. Ninaitaja historia hii kwa sababu inaeleza kwa nini bima za kampuni, zilizobuniwa kwa ajili ya waajiriwa wa Kampala wanaokatwa mshahara, hazijafika vijijini kwetu, huku hizi za vikundi zikiwa zimedumu kwa karibu miaka thelathini. Kampuni haina namna ya kumjua mkulima asiye na hati ya mshahara. Kikundi kinamjua, kinajua watoto wake ni wangapi, na kinajua kama yule kijana anayepigwa picha ya kadi ni mwanawe au ni mpwa aliyeletwa kutoka wilaya nyingine kwa sababu anahitaji upasuaji.

Kutokana na hilo, ubora wa huduma utakayoipata unategemea sana ubora wa kikundi chako, kuliko watu wanavyodhani wanapojiunga. Nimeiona bima yetu chini ya katibu makini na chini ya katibu mzembe. Wa kwanza alianza kukusanya michango mara tu baada ya mavuno ya kahawa, fedha zikiwa bado mikononi mwa watu. Aliandika kila malipo mbele ya mlipaji, akapeleka orodha hospitalini kabla kadi za zamani hazijaisha muda. Alipomwachia mwingine nafasi hiyo, tulituma michango kwa simu kama kawaida, lakini fedha zilikaa, orodha ikachelewa, kadi za kikundi kizima zikaisha, nasi tukaanzishiwa upya muda wa kungojea kana kwamba ndiyo kwanza tunajiunga. Katika wiki hizo baadhi ya wenzetu waliugua na wakalipa bili kamili ilhali walikuwa wametoa mchango wao kwa wakati. Hospitali ilisema haiwezi kulipia watu ambao haijapokea fedha zao, na kwa kanuni ilikuwa na haki. Lakini mwanachama mmoja mmoja hakuwa na njia yoyote ya kujua kama mchango wake umefika. Ujumbe mfupi wa simu kutoka hospitalini kwa kila kaya, ukithibitisha kupokelewa kwa fedha, ungeliondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo sana, na ninashangaa kwamba katika nchi ambayo hata deni la duka hulipwa kwa simu jambo hilo bado halijafanywa kila mahali.

Yapo mapungufu mengine upande wa hospitali. Karani anayehakiki kadi hayupo usiku wala siku za Jumapili, hivyo anayefika saa hizo hutakiwa kuweka dhamana ya fedha taslimu na kurudishiwa baadaye, na kurudishiwa huko huchukua muda mrefu kuliko ugonjwa. Kwa mtu maskini dhamana ni bili kwa jina jingine, kwa sababu asiyekuwa na fedha ya kuweka hana tofauti na asiyekuwa na kadi. Meno, miwani na majeraha ya ulevi havilipiwi, na katika hilo sina ugomvi na mtu, kwa maana mfuko mdogo lazima uwe na mipaka.

Lakini dawa za kila mwezi za kisukari na shinikizo la damu nazo haziko ndani ya bima yetu. Uamuzi huo naona ni wa hasara hata kwa mfuko wenyewe, kwani mgonjwa wa shinikizo asiyemeza dawa huishia kulazwa kwa kiharusi, na kulazwa kunalipiwa. Wenzetu wenye virusi vya Ukimwi na kifua kikuu hupata dawa zao bila malipo kupitia mipango ya serikali, kwa hiyo hao hawategemei kadi kwa hilo. Mwenye kisukari ndiye aliyebaki katikati: kituo cha serikali kina dawa mwezi huu na mwezi ujao hakina, na bima aliyoilipia inamwambia ugonjwa wake ni sugu.

Kisha kuna udhaifu wa kutegemea hospitali moja. Mwezi Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika na kuiharibu vibaya Hospitali ya Migodi ya Kilembe, na wagonjwa wakalazimika kuhamishwa. Tukio hilo lilipaswa kuzifundisha bima zote za wilaya hii kuwa na makubaliano ya maandishi na hospitali ya pili, ili kadi isigeuke kipande cha plastiki siku mto unapoacha njia yake. Hata bila mafuriko, mwanachama anayepewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Fort Portal, maarufu kwa jina la Buhinga, huiacha bima yake nyuma mara gari la wagonjwa linapotoka getini.

Yote hayo yanaweza kurekebishwa na hospitali pamoja na vikundi. Lisiloweza kurekebishwa nao ni suala la watu wasiokuwamo kabisa, na hilo ndilo linalonifanya nisitosheke na huduma ambayo imeisaidia nyumba yangu. Kikundi ndicho mlango wa kuingilia, na asiye na kikundi hana mlango. Kibarua anayehama kutoka shamba hadi shamba hana chama cha kuzikana. Mjane aliyenyang'anywa ardhi na kurudi kwa kaka zake hana fedha ya kuweka kila wiki. Katika kijiji chetu yupo bibi anayelea wajukuu ambao wazazi wao wamefariki. Mwaka mmoja tulichanga kwa hiari tukawalipia wote, mwaka uliofuata mavuno yalikuwa mabaya, kila mtu akatazama kaya yake, na kadi yao ikaisha. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kwa kaya yenye watu wengi mchango wa mwaka hulipwa kwa mkupuo mmoja, na mkupuo huo, hata ukiwa mdogo kwa kila kichwa, ni mzigo usioinuliwa na mtu anayeishi kwa ujira wa siku. Bima ya hiari huwakinga maskini wenye kipato kidogo, wakati maskini wasio na kipato hubaki palepale walipokuwa.

Bunge lilikwisha kulijadili suala hilo. Mswada wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliokuwa umezungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi, ulipitishwa tarehe 31 Machi 2021, katika siku za mwisho za Bunge la Kumi, lakini haukutiwa saini kuwa sheria. Kama ulivyowasilishwa, mwajiriwa angekatwa asilimia 4 ya mshahara, mwajiri angeongeza asilimia 1, anayejiajiri angetoa shilingi 100,000 kwa mwaka, na wasiojiweza wasingetakiwa kuchangia. Waajiri walilalamikia gharama, na hoja yao niliisikia sana redioni; hoja ya yule bibi sikuisikia. Bila mchango wa wenye mishahara kuingia katika mfuko mmoja na wetu, sisi wakulima tutaendelea kulipiana maskini kwa maskini, katika vifuko vidogo ambavyo upasuaji mfululizo wa watu wachache unaweza kuvimaliza.

Anayesema kwamba haiwezekani kumtambua asiyejiweza na kumlipia namwomba aitazame Rwanda, jirani yetu wa kusini, ambako bima ya Mutuelle ilianzia pia katika majaribio ya kijamii ya miaka ya 1990. Huko kujiunga ni lazima kisheria, kwa miaka mingi kaya ziliwekwa katika makundi ya Ubudehe, yaani ya hali ya maisha, kwa kushirikisha wanakijiji wenyewe, na serikali pamoja na wafadhili wakawalipia waliokuwa katika kundi la chini kabisa. Zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi wamo ndani ya bima. Hata sisi hatuanzi na mikono mitupu. Mradi wa vocha za uzazi uliwawezesha akina mama maskini wa magharibi na mashariki mwa nchi yetu kununua kwa bei ndogo huduma za kliniki na kujifungua, kituo kikalipwa na mradi, na udhaifu wake mkubwa ulikuwa kwamba ulikwisha fedha za mradi zilipokwisha. Ruzuku ya wazee ya SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi, hulipwa kwa orodha zinazohakikiwa hadi ngazi ya chini. Mpango wa Maendeleo wa Parokia, uliozinduliwa Februari 2022, umeorodhesha kaya katika kila parokia, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, ili zipate mkopo wa hadi shilingi milioni moja. Parokia inayoweza kumtambua wa kumkopesha milioni moja inaweza kumtambua wa kulipiwa mchango wa bima, na halmashauri ya wilaya inaweza kuingia mkataba na hospitali zilizopo hata kabla ya mswada wa taifa kurudi Bungeni.

Kwa anayeniuliza kama ajiunge, jibu langu ni ndiyo, iwapo hospitali yenye bima iko mahali anapoweza kufika usiku, na iwapo kikundi chake kina desturi ya kuweka hesabu wazi. Kwa familia yenye watoto wadogo au mama anayetarajia kujifungua sina shaka hata kidogo. Kwa mtu ambaye shida yake kuu ni kisukari au shinikizo la damu, asome kwanza masharti, kwani huenda akalipia kitu asichokihitaji. Kabla ya kutoa fedha ulizeni kiwango cha juu ambacho mfuko hulipa kwa mgonjwa mmoja, kama upasuaji wa uzazi umo, nani huhakiki kadi usiku, kama watoto wanaozaliwa katikati ya mwaka huingia bila malipo mapya, na itakuwaje mkipewa rufaa. Takeni majibu hayo kwa maandishi, yasomwe mbele ya kikundi kizima na kwa lugha ambayo wote wanaielewa. Fedha zipelekwe na watu wawili, risiti ibandikwe mahali mnapokutania, na orodha ifike hospitalini angalau mwezi mmoja kabla kadi za zamani hazijaisha, kwa sababu kikundi kinachochelewa hurudishwa kwenye muda wa kungojea, na ugonjwa haungojei pamoja nacho.